Nikiweka Dhamana, Si Nimekiri Kosa?

Bibi Ashura, shikamoo. Naomba msaada wako, na nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanigombeza, maana majibu yako nayasoma kila gazeti likifika Nkowe na najua huna simile.

Naitwa Sabaha, ni mama wa watoto wanne, naishi hapa Nkowe kwenye shamba la mikorosho ambalo marehemu mama yangu alipewa na kaka yake, mjomba Hassani, ambaye naye ameshatangulia, na wakati mama anapewa lilikuwa pori la nyani, akafyeka mwenyewe, akapanda mkorosho mmoja baada ya mwingine, na ile ya upande wa bondeni nimeipanda mimi kwa mikono yangu nikiwa msichana. Nikaolewa na bwana wa Mtua, anaitwa Mikidadi, tukaishi kwao, mama alipoanza kuumwa tukahamia Nkowe kumtunza, na tangu alipofariki mimi ndiye ninayepalilia, mimi ndiye ninayepuliza salfa hadi macho yanawasha, na korosho napeleka chama cha msingi kwa jina langu na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Sasa huyu binamu yangu Hemedy, mtoto wa mjomba Hassani, yuko Ruangwa mjini na biashara zake, akafungua kesi kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya akisema baba yake alimwazima mama shamba, hakumpa, na kwa kuwa waliokuwepo siku ya kupewa wote wamekwisha kufa na sisi hatukuandikishana, baraza likampa yeye haki, nikaambiwa nitoke na nimkabidhi. Sikulia bibi. Nilikata rufaa Mahakama Kuu Mtwara ndani ya muda, ikapokelewa, ikagongwa muhuri, nikarudi nyumbani nikalala usingizi mnono, kwa sababu kwetu shauri likitoka kwa wazee wadogo likapanda kwa mkubwa, hakuna anayegusa hata kuni ya mahali hapo mpaka mkubwa atoe neno. Nikajua na serikali ni hivyohivyo.

Basi wiki iliyopita Hemedy akaja na bodaboda, nyuma kampakia mtu wa chenso, ule msumeno wa injini wa kukatia miti, yule mtu anapita anapiga piga mashina kwa kiganja kama anayechagua tikiti maji, namuuliza Hemedy huyu nani, ananijibu, "Dada Sabaha, usinichukie. Mikorosho hii imezeeka, mimi nataka kupanda ufuta. Magogo keshayanunua huyu bwana wa mkaa." Nikamwambia wewe Hemedy, miti inaanza kuchanua unaiona kwa macho yako, unaiita mizee? Akacheka, akasema, "Basi chukua picha, uwe unaiangalia kwenye simu."

Siku ya pili yake akaja dalali wa baraza na notisi, siku kumi na nne niwe nimetoka. Nikamletea karatasi ya rufaa nikamwonyesha muhuri. Akaisoma taratibu, hakunitukana, akanirudishia, akasema, "Mama, hii ni rufaa. Mimi rufaa hainizuii. Nionyeshe amri ya kusimamisha." Nikamuuliza amri ya kusimamisha nini? Akasema, "Ya kunisimamisha mimi."

Nikapanda gari kwenda Nachingwea kwa msaidizi wa sheria anaitwa Teodosia, wenzangu walinielekeza, akanieleza kwamba kuna maombi mengine yanapelekwa mbali na rufaa, ya kuomba hukumu isitekelezwe kwanza, nikafurahi, halafu akasema, "Na lazima useme utaweka dhamana gani." Hapo bibi ndipo nilipochemka. Nikamwambia mimi siweki kitu, mimi sina kosa. Akasema dhamana si kosa. Nikamwambia wewe dada hunifahamu, nikanyanyuka nikatoka hata soda aliyoniagizia sikuigusa.

Naomba unielewe. Katika ukoo wetu, watu wawili wakifikishana kwa wazee, anayetangulia kuweka jogoo chini ndiye aliyekiri, hata kama hajafungua mdomo. Mama yangu mdogo Zena aliwahi kusingiziwa ameiba mbegu za karanga, akachoka na maneno, akaweka jogoo ili ugomvi uishe apumzike, na hadi leo amekuwa bibi kizee mikutano ya ukoo ikifika kwenye mambo ya mbegu watu wanamtazama. Sasa mimi niende Mtwara mbele ya jaji niweke kitu chini kabla hajasikiliza rufaa yangu, si nimejihukumu mwenyewe?

Mume wangu nilipomweleza akasema, "Andika shamba langu la Mtua." Bibi, mwanaume ambaye mikorosho hii si ya ukoo wake, ambaye siku nikifa mimi au tukiachana haambulii hata jani, anatoa shamba lake. Nililia siku hiyo. Lakini mjomba mkubwa Abdulatifu, ndiye aliyebaki kuwa mkubwa wetu, kasema waziwazi, "Ukiweka dhamana, ukoo wote umeonekana tumekula cha watu. Weka, lakini Mtwara utakwenda peke yako, na kwenye kaburi la mama yako usinikaribishe." Kasema tukutane kwanza Ijumaa inayokuja tujadili.

Siku za dalali zinakwisha. Nikiweka, nimevunja neno la mjomba na huenda nikampotezea mume wangu shamba lake. Nisipoweka, nitasikia chenso. Nifanye nini bibi yangu?

Sabaha, Nkowe

* * *

Sabaha, marahaba mjukuu wangu, na pole. Namba uliyoacha nimeipiga inaita bila jibu, nadhani uko shambani, kwa hiyo nimewaomba wa gazeti barua yako iruke foleni. Mimi kalamu sijui inashikwaje, nasema wao wanaandika, lakini kwenye baraza la kata la Kiegei nimekaa mjumbe miaka mingi na nimeona watu wanavyopoteza mashamba. Wengi wanapotea hapohapo ulipo wewe.

Nianze na usingizi wako mnono. Ulilalaje, mtoto wewe? Dalali alikwambia kweli tupu na alikwambia kwa adabu. Rufaa ni kumuuliza mkubwa, je, hawa waliamua sawa? Anayeuliza hajamshika mtu mkono. Wakati jaji bado hajajibu, Hemedy ana hukumu mfukoni, na hukumu hiyo ni halali mpaka itenguliwe. Inauma kuisikia lakini meza: leo, kwa sheria, mshindi ni Hemedy. Kama hutaki atumie ushindi wake sasa, ni lazima uende ukaombe asimamishwe, na anayeomba ndiye mwenye kazi ya kueleza kwa nini. Wazee wa ukoo wenu wana utaratibu wao mzuri, shauri likipanda kila mtu anatulia. Serikali haina utaratibu huo. Usiwabebeshe majaji desturi ambayo hawajawahi kuisikia.

Sasa jogoo. Hapa ndipo ninapokusikitikia, maana hukukosea kwa ujinga, umekosea kwa kulelewa vizuri. Lakini hebu nikuulize. Mimi nina sufuria kubwa la hitima, watu wanatoka hadi Mtua kuja kuliazima. Sufuria hilo simpi mtu mikono mitupu. Anaacha mkeka wake, au redio, au jembe jipya, kisha anabeba. Nani amewahi kumnyooshea kidole aliyeacha mkeka kwangu kwamba kaiba sufuria? Mkeka unasema neno moja tu: likirudi limetoboka, bibi usipate hasara kwa ajili yangu. Likirudi zima, anabeba mkeka wake anakwenda.

Dhamana ya mahakama ni huo mkeka. Unamchelewesha Hemedy kutumia alichopewa na baraza. Ukija kushindwa kwenye rufaa, kuchelewa huko kutakuwa kumemgharimu yeye, hivyo mahakama inataka ijue kwamba utatimiza hukumu na hutaruka. Ukishinda, unachukua chako. Jogoo wa wazee wenu analiwa jioni ileile, na mifupa wanapewa mbwa, hata ukija kuonekana huna kosa harudi. Dhamana hailiwi na mtu. Kwa nini uviweke chungu kimoja?

Nilimpigia Teodosia. Aliposikia jina lako akacheka. "Bibi, huyo mama aliniacha na soda mbili mezani," akasema. Nikamwambia soda ukanywe wewe, niambie mahakama inataka nini, na uniambie kama unamwambia mtu anayesonga ugali. Akasema, "Bibi, kwanza rufaa iwepo kweli, na yake ipo. Halafu aonyeshe kwamba utekelezaji ukifanyika sasa atapata hasara kubwa. Aombe bila kuchelewa. Na aweke dhamana au aonyeshe yuko tayari kuiweka." Nikamuuliza je, akiwa na matatu akakosa moja? Akasema, "Bibi, hapo ndipo wengi wanapoangukia. Dhamana wanaisahau, au wanaikasirikia."

Umesikia? Wanaikasirikia.

Tuje kwenye hasara, maana najua utakwenda kuandika kwenye kiapo chako, yale maelezo unayoyaapia yanayokwenda na maombi, kwamba utaumia sana. Usiandike hivyo. Kila aliyeshindwa kesi anaumia, jaji analijua hilo kabla hujaingia. Eleza hasara ambayo pesa au hukumu ya baadaye haiwezi kuirudisha. Wewe unayo, na ni kubwa, ila umeizungukazunguka tu. Mkorosho ukikatwa, hata ukishinda rufaa mwakani, utarudishiwa visiki. Mti mwingine utausubiri miaka hadi uzae unavyozaa huu, na mikono yako itakuwa imechoka. Sema ni mikorosho mingapi, na ipi aliipanda mama, ipi uliipanda wewe. Sema inachanua sasa. Sema Hemedy alikuja na mtu wa chenso akatamka kwamba magogo yameshauzwa, na kama alikuwepo mtu mzima mwingine aliyesikia, naye aape alichosikia. Mwite afisa ugani wa kata aje aitazame miti, aandike kwamba ni hai na inazaa, tumalize hilo neno la mizee. Na picha piga. Hemedy mwenyewe amekushauri upige picha, basi mtii mara hii moja.

Kuhusu haraka sitaki maneno mengi. Kikao cha Ijumaa usikisubiri. Dalali akishamkabidhi Hemedy shamba na miti ikalala chini, hakuna tena cha kusimamisha, jaji atakwambia mama, jambo limeshafanyika. Maombi yanapelekwa Mahakama Kuu hukohuko ilipo rufaa yako, pamoja na kiapo, hukumu, tuzo, ile karatasi fupi inayosema nani apewe nini, rufaa uliyoipeleka, na notisi ya dalali. Usije ukaificha notisi kwa hasira. Hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba hatari iko mlangoni. Mwambie Teodosia akuwekee na hati ya dharura, ili uombe mahakama imzuie Hemedy kwa muda hata kabla hajaitwa kujibu. Siku hizi makaratasi yanaingizwa kwa kompyuta, mimi na wewe hatuyawezi, kwa hiyo rudi kwake, msalimie vizuri, na soda safari hii ununue wewe.

Dhamana gani sasa? Shamba la Mikidadi usilitangulize. Anzia na kitu kinachotoka kwenye shamba lenyewe. Sema kwenye kiapo kwamba korosho za msimu huu utazivuna na kuzipeleka chama cha msingi kama kawaida, na kwamba uko tayari malipo yake yashikiliwe, usiyaguse, mpaka rufaa iamuliwe. Mtakula nini? Mtakula mihogo na mbaazi kama tulivyokula sisi, na mkibanwa kuna ndugu. Pendekezo hilo linamwambia jaji kwamba hukimbilii mavuno, unalinda miti. Lakini sikudanganyi, mahakama ndiyo inayopima kama inatosha. Inaweza kukubali, inaweza kutaka zaidi, inaweza kutaka mdhamini. Hapo ndipo Mikidadi aingie, naye aingie akiwa ameelewa kwamba akiandika shamba la Mtua na wewe usipotimiza hukumu, shamba hilo linaweza kwenda. Mweleze mchana, akiwa ameshiba, wala usimweleze ukilia. Akisema ndiyo baada ya hapo, ni ndiyo ya mtu mzima. Na mume wa namna hiyo, mwanangu, mtengee maji ya moto ya kuoga kila siku. Wapo waliozaliwa ukoo mmoja na mimi ambao hawajawahi kunipa hata mpini.

Kaka Abdulatifu, nakusalimu kwa heshima, najua gazeti utasomewa. Umri wetu ni mmoja, kwa hiyo nakwambia wazi. Unalinda jina la ukoo, nakuelewa. Lakini kumtishia mtoto wa dada yako kwa kaburi la dada yako, hapo umepita kiasi. Dada yako alifyeka lile pori kwa mikono yake. Mikorosho ikishakuwa mkaa, jina la ukoo utalitundika wapi? Kama jogoo ndiye anayekusumbua, waite wazee wenzako Ijumaa hiyohiyo uwaambie kwamba cha mahakama si jogoo, na kwamba anayekitoa hakukiri. Wewe ukisema watasikia. Sabaha akisema wataguna.

Na wewe Sabaha usiogope ile habari ya kwenda Mtwara peke yako. Rufaa haihitaji mjomba asimame pembeni yako. Jaji anasoma yaliyosemwa barazani na kuandikwa, na kusikiliza hoja zako. Mjomba asipokwenda utaumia moyo, lakini kesi haitaumia.

Hemedy, nawe hujasahaulika. Hukumu unayo, hakuna anayekunyang'anya hapa. Lakini ukiikata ile miti huku rufaa inasubiri na ukaja kushindwa, utadaiwa miti ambayo huwezi kuizaa. Msubiri jaji. Ufuta unapandwa kila mwaka, huu si wa mwisho.

Sasa nimalizie na lile ambalo hutaki kulisikia. Ukipewa amri ya kusimamisha, hujashinda kesi. Usipige vigelegele, usimtumie Hemedy salamu za kejeli, mpelekee dalali nakala ya amri mkononi mwake na urudi kupalilia. Na ukinyimwa, utatoka. Nasema utatoka, kwa miguu yako, na watoto wako, bila kumrushia dalali hata kokoto, utakaa Mtua kwa mumeo na rufaa yako itaendelea kuwa hai huko Mtwara. Kunyimwa na mahakama kunatokea kwa watu wenye haki pia. Kunyimwa kwa sababu hukuomba, hicho ndicho ambacho sitakusamehe.

Amka asubuhi, funga kanga mbili, mchukue Mikidadi, muende Nachingwea. Na mtu yeyote wa ukoo akikusimamisha njiani kukuuliza umekiri nini, mwambie umekiri kwamba mkorosho ukikatwa haufufuki.

Bibi Ashura, Kiegei